Jina limechafuka kwenye mikopo: namna ya kulisafisha hatua kwa hatua

Somo hili ni la kijana aliyeambiwa benki kwamba "jina lako lina shida", au anayejua kuna vimkopo vya simu alivyoviacha njiani. Hakuna daftari la watu waliolaaniwa. Kuna kanzidata ya taarifa za wakopaji chini ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT), na kuna kampuni zenye leseni ya kutoa ripoti za wakopaji, Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Anayepeleka habari zako huko ni mkopeshaji, na wa kuzirekebisha ni yeye huyo. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo au Telegram anayeahidi kukufutia jina kwa elfu hamsini anakula hela yako bure.

Hatua ya 1. Hesabu laini zako. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ukaikane kabla ya jambo lingine lolote. Huenda kuna mtu anakopa kwa jina lako.

Hatua ya 2. Chukua ripoti. Iombe kwenye mojawapo ya kampuni hizo, au muulize afisa mikopo wa benki yako akuelekeze. Beba namba ya NIDA, na uliza gharama mapema. Ukiipata, tazama kila mstari: nani anadai, salio, hali ya mkopo, na siku za kuchelewa. Hizo siku ndizo zinazouma zaidi. Rejesho la benki likipita siku 90 mkopo unahesabiwa chechefu, yaani usiolipika ipasavyo, na hapo hata salio la elfu tatu linamtia afisa wasiwasi.

Hatua ya 3. Tenganisha madeni. Weka kando yaliyo yako kweli, uliyokwisha kulipa lakini bado yanasomeka, na usiyoyatambua. Haya mawili ya mwisho hayahitaji pesa. Yanahitaji barua na vielelezo.

Hatua ya 4. Lipa kwa mpangilio. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tuseme una 4,200 iliyobaki kwenye huduma ya kukamilishia muamala (ile ya mtandao kukuongezea salio la simu lisipotosha), 65,000 ya mkopo wa simu, na 780,000 ya taasisi ya mikopo midogo. Uwezo wako ni 150,000 kwa mwezi. Ukizipeleka zote kwenye deni kubwa, miezi inapita mistari yote mitatu ikiwa bado wazi. Mwezi wa kwanza maliza zile mbili ndogo, jumla 69,200. Inabaki 80,800, hiyo ipeleke taasisi siku ileile unayokwenda kuomba kupangiwa upya marejesho. Mtu aliyeshika risiti husikilizwa tofauti na aliyekuja na maelezo.

Deni sasa ni 699,200. Usiahidi 150,000. Ahidi 120,000: miezi mitano kamili, na wa sita 99,200. Ukivunja mpango mpya umejichafua mara ya pili, na safari hii kwa sahihi yako. Omba adhabu za kuchelewa zisimame kuanzia siku ya makubaliano, na iandikwe. Isipoandikwa, hesabu yako ya miezi sita ni ndoto. Kama kipato chako ni cha kila siku, boda au genge, weka kando 4,700 kwa siku 26 za kazi; unapata 122,200.

Mitego miwili. Kwanza, usitume rejesho kwenye simu binafsi ya afisa mikopo, hata akiwa mpole namna gani. Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo ya taasisi. Pili, siku ya kumaliza omba salio la siku hiyohiyo. Riba ya siku mbili tatu ikibaki, hata shilingi 1,500, mkopo haujafungwa na siku za kuchelewa zinaendelea kuhesabiwa.

Hatua ya 5. Dai barua. Iwe na muhuri, tarehe, namba ya mkopo na maneno kwamba salio ni sifuri. Waombe wahuishe taarifa zako, subiri mwezi mmoja, kisha chukua ripoti nyingine. Kama hakijabadilika kitu, waandikie wao kwanza, halafu kampuni ya taarifa, halafu BoT. Ofisi yao ya Dar iko Mtaa wa Mirambo.

Hatua ya 6. Jenga upya. Mkopo mmoja mdogo kwa mwenye leseni, tarehe ya rejesho iwe siku tatu baada ya mshahara. Usiombe sehemu tano kwa wiki moja. Maombi huacha alama, na anayeyasoma anaona mtu aliyebanwa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimelipa lote na barua ninayo, benki bado wananikatalia.*

Marahaba. Angalia ripoti mpya. Ikisoma sifuri, kinachokukwamisha ni historia ya kuchelewa, na barua haiifuti hiyo. Omba kiasi kidogo zaidi baada ya miezi kadhaa ya marejesho safi.

*Kaka, laini niliyokopea nilishaivunja. Deni si limekufa?*

Halijafa. Laini ilisajiliwa kwa NIDA yako, na wewe ndiye unayedaiwa. Wapigie huduma kwa wateja wakupe salio na njia ya kulipa bila laini hiyo.

*Kuna programu ya mkopo inampigia bosi wangu na mama mkwe. Nilipe hiyo kwanza?*

Angalia leseni kwanza. Novemba 2024 BoT ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zisizo na kibali. Kausha damu wa aina hiyo asile fungu lako la kusafisha jina. Hifadhi picha za jumbe, upeleke malalamiko BoT na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakulinda. Mwenye leseni ya daraja la pili, yaani mkopeshaji asiyepokea amana, naye ana kikomo cha riba, asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa hiyo kagua mkataba wako.

*Mwalimu, nimeajiriwa juzi, mshahara wa msingi 700,000. Deni la Bodi linahusika?*

Sana. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 105,000. Itoe kabla hujapiga hesabu ya rejesho lingine lolote, na kumbuka benki itataka theluthi ya mshahara ibaki mkononi mwako.

*Nilimdhamini rafiki, kakimbilia Mwanza.*

Nenda kwa mkopeshaji wiki hii, uliza salio na siku alizochelewa. Kama hazijafika 90, ongea nao sasa hivi. Kila ukilipa chochote, dai risiti yenye jina lako ili uwe na cha kumdai naye.