Kupiga picha mnara wa taa ufukweni

Nenda maji yakiwa yanakupwa. Mchanga uliolowa hugeuka kioo: chuchumaa, shusha kamera karibu na ardhi, mnara wote utauona umepinduka mbele yako. Usiusogelee sana, ukiinua kamera mnara utaonekana unaanguka kinyumenyume.

Mimi napenda zaidi jua likishazama, mbingu ikiwa bado na ubuluu. Hesabu sekunde kati ya mmweko mmoja na unaofuata, kisha acha shata, kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, wazi kuzidi muda huo kidogo, usije ukakosa mwanga wenyewe. Miguu ya tripodi, kile kigoda cha miguu mitatu cha kushikia kamera, izamishe hasa mchangani. Wimbi likirudi huchota mchanga chini yake na picha ikatikisika. Na lenzi? Ibadilishe kabla hujafika, upepo wa pwani hubeba chembe.