Kabla hujachomwa sindano ya PRP ya goti au mgongo, soma hii

Kama umeambiwa uchomwe PRP, yaani sindano inayotengenezwa kwa damu yako mwenyewe, usikimbilie kulipa. Anza na maumivu yenyewe, picha za hospitali kama eksirei na MRI (kipimo cha mashine ya sumaku) baadaye. Andika kwenye karatasi panauma wapi hasa, yanashuka mpaka mguuni au yanaishia kiunoni, yanazidi ukikaa au ukitembea. Na kama makalio na sehemu za siri zina ganzi, mkojo hautoki au haushikiki, au mguu umeisha nguvu ghafla, hiyo si habari ya sindano, wahi emajensi leo leo.

Naanza na maumivu manake picha peke yake inapotosha sana. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha tafiti za watu ambao mgongo hauwaumi kabisa, wakakuta diski, yaani vile vimto vilivyo kati ya mifupa ya uti wa mgongo, zimechakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Sasa ripoti yako ya MRI ikisema diski imechakaa, mtu anaweza kukuchoma pale wakati kinachouma ni nyonga. Muulize daktari, hiki kilichoonekana ndicho kinacholeta maumivu ninayoyasikia? Akueleze mpaka uelewe.

Picha zenyewe kila moja na kazi yake: eksirei inaonyesha mfupa na nafasi ya jointi (ya goti ipigwe umesimama, ukilala nafasi inaweza kuonekana nzuri kuliko ilivyo), ultrasaundi inaonyesha kano na maji yaliyojaa, MRI ndiyo ya diski, neva na gegedu (ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye jointi).

PRP ni damu yako mwenyewe, inatolewa mkononi, inazungushwa kwenye mashine mpaka chembe sahani (zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda) zijikusanye, halafu inachomwa panapouma. Nisikufiche, matokeo ya goti yanatofautiana, kuna utafiti mkubwa wa 2021 ambao haukuona tofauti ya maana na sindano ya maji ya chumvi tu, yasiyo na dawa. Kwa hiyo mtu akikuahidi gegedu itaota upya, mimi ningeondoka. Mazoezi ya kuimarisha misuli yaje kwanza.

Ukiamua kuchoma, uliza sindano itaongozwa na nini. Kwenye jointi ni ultrasaundi, daktari anaiona ncha ya sindano kwenye skrini inavyoingia, kwenye mgongo mara nyingi ni eksirei ya moja kwa moja, inayoonyesha picha papo hapo wakati anachoma. Mgongo kuchomwa kwa kupapasa tu, kataa. Mwambie daktari kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usiziache kimya kimya, na uliza diklofenaki na ibuprofeni uziache lini, kwa sababu zinazuia chembe sahani kufanya kazi.

Baada ya hapo maumivu kuzidi siku mbili tatu ni kawaida, nafuu ikija huja taratibu, wiki kadhaa. Ila jointi ikiwa ya moto, imevimba, na una homa, usisubiri miadi, rudi hospitali siku hiyo hiyo.