Namna ya Mkandarasi wa Uhandisi Kushiriki Maonyesho ya Sekta ya Nishati

Mkandarasi wa uhandisi hana bidhaa ya kupanga mezani. Anachouza ni kazi ambayo bado haijafanyika, na mgeni anayesimama mbele ya banda lake anajiuliza kama akimkabidhi bomba la gesi au kituo cha kupozea umeme, kazi itakamilika salama na kwa wakati. Maandalizi yote yalenge kulijibu swali hilo kwa ushahidi.

Kwanza, chagua maonyesho yanayolingana na kazi yako. OTC, yanayofanyika Houston tangu mwaka 1969, yalianzishwa kwa ajili ya shughuli za nishati za baharini, ilhali ADIPEC ya Abu Dhabi, iliyoanza mwaka 1984, ilikua kutokana na mafuta na gesi kwa upana wake. Usivutwe na idadi ya wageni inayotangazwa. Kwa mkandarasi mdogo au wa kati, anayetoa kazi mara nyingi si mwenye mradi bali ni mkandarasi mkuu, naye huwa na banda lake palepale ukumbini. Kwa hiyo pitia orodha ya waonyeshaji, weka alama kwa wale wanaogawa kazi za aina yako, na uwaandikie kuomba miadi wiki kadhaa kabla ya ufunguzi. Wasipozidi watano, ni afadhali mwaka huo uende kama mgeni tu na kuokoa gharama za banda.

Ukubwa wa banda usikusumbue. Mita 3 kwa 3 zinatosha, mradi meza isizibe njia ya kuingilia.

Kinachostahili kufikiriwa kwa kina ni kile utakachoonyesha. Picha za mitambo wakati wa machweo kila mtu anazo. Chukua badala yake kipande cha bomba kilichochomelewa na mafundi wako, kikatwe katikati ya kiungo, kisuguliwe hadi king'ae, kisha kipakwe tindikali ili tabaka za uchomeleaji zionekane moja juu ya nyingine, kuanzia ile ya kwanza iliyo ndani kabisa. Kando yake weka utaratibu wa uchomeleaji ulioidhinishwa, matokeo ya ukaguzi wa kiungo hicho, na cheti cha chuma kutoka kiwandani chenye namba ileile iliyopigwa kwenye bomba. Mhandisi wa upande wa mteja atainama, ataisoma namba ile, ataitafuta kwenye cheti, na akiipata mazungumzo yatakuwa yameanza bila wewe kujisifu.

Kama maonyesho ni ya nje ya nchi, ulizia hati ya forodha iitwayo ATA Carnet, ambayo katika nchi zinazoitambua huruhusu vifaa vya maonyesho kuingia kwa muda bila kulipiwa ushuru. Vipeperushi na zawadi za kugawa havimo, kwa kuwa hati hiyo inahusu vitu vitakavyorudi. Vilevile, usionyeshe mchoro wala picha ya mradi wa mteja bila idhini yake ya maandishi, kwani anayeanika siri za mteja mmoja anamwonya kila mteja mwingine aliye ukumbini.

Bandani msikae maofisa masoko peke yao. Awepo mhandisi aliyesimamia kazi kwenye eneo la ujenzi, anayeweza kueleza jinsi bomba lilivyojaribiwa kwa shinikizo la maji na nini kilifanyika pale shinikizo liliposhuka. Awaulize wageni kuhusu mradi wao, zabuni itatoka lini na nani anaidhinisha wazabuni. Akiulizwa kazi msiyoifanya, aseme wazi kuwa hamuifanyi. Nimeona jibu hilo likijenga imani kuliko orodha ndefu ya huduma.

Kila mazungumzo yaandikwe nyuma ya kadi ya mgeni kabla hajafika mgeni mwingine, na jioni yaingizwe kwenye jedwali moja lenye jina la atakayefuatilia na tarehe. Ndani ya wiki moja tuma barua inayojibu kile hasa kilichoulizwa, ikiambatana na nyaraka za mchujo wa awali wa wazabuni: vyeti vya ISO 9001 (usimamizi wa ubora) na ISO 45001 (usalama na afya kazini), rekodi za ajali kazini, hesabu zilizokaguliwa na orodha ya mitambo. Hakikisha tarehe za vyeti hazijapita, kwa sababu kati ya mazungumzo ya bandani na kutangazwa kwa zabuni unaweza kupita mwaka mzima au zaidi, na faili lako litafunguliwa siku hiyo.