Kupima na kutunza maji ya akwaria ya chumvi ukiwa Mbeya

Ukifuga samaki wa baharini Mbeya, Iringa au Njombe ujue kabisa bahari iko mbali, Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na karibu kila kitu kinachoingia kwenye tangi lako kimepanda basi, samaki, chumvi, mawe, hadi vichupa vya kupimia. Maji yakiharibika usiku hakuna duka la kukimbilia asubuhi. Ndo maana huku juu kupima maji ni nusu ya ufugaji wenyewe, na mimi naamini katika mpangilio huu: kwanza chumvi, halafu amonia, halafu alkaliniti, mengine yote yanafuata nyuma. Na usitie kwenye maji kitu chochote ambacho hujakipima, hata kama muuzaji amekuapia.

Kabla ya yote jua tangi lako lina lita ngapi za kweli. Pima kwa ndani urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 1000. Tangi la 90 kwa 45 kwa 45 linatoa lita 182, ila ukishaweka mchanga na mawe unaweza kubaki na kama 150, na hiyo 150 ndo utakayotumia kwenye hesabu zote za hapa chini.

Sasa chumvi. Chumvi ya mezani haifai, na hata ile ya mawe inayovunwa Bagamoyo kwenye mabwawa ya chumvi haifai, hapa watu wengi wanashangaa kwa sababu si imetoka baharini? Imetoka, lakini maji ya bahari yakianikwa kalsiamu inatangulia kuganda kama jasi, kisha inaganda chumvi yenyewe ambayo ni kloridi ya sodiamu karibu tupu, na magnesiamu na vingine vingi vinabaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa. Kwa hiyo nunua chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya akwaria. Kwa kawaida inaenda gramu 36 hadi 38 kwa lita moja, yaani ndoo ya lita 20 inataka kama gramu 740. Maji yanatangulia kwenye ndoo, chumvi inafuata kidogo kidogo huku pampu inazungusha, ukifanya kinyume, ukamwagia maji juu ya rundo la chumvi, kalsiamu inaganda unaona ukungu mweupe na hautaki kuyeyuka tena. Acha izunguke mpaka kesho yake, ipashe moto ifike nyuzi 25, ndo upime.

Lengo ni gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, kwenye refraktomita (kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopindisha mwanga) utasoma 1.026 hivi, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matupu. Haidromita ya plastiki yenye mshale inafaa kuanzia lakini mapovu yakishika ule mshale inadanganya, ukiweza nunua refraktomita. Ila refraktomita nayo usiiamini ikitoka tu kwenye boksi. Wengi wanaiseti sifuri kwa maji matupu, hapo wanaweza kutumia maji ya betri ya gereji (maji, sio asidi, soma chupa mara mbili), lakini kuwa sawa kwenye sifuri hakukuhakikishii kwamba iko sawa pia kwenye 35. Dawa yake ni rahisi na hapa ndo chumvi ya mezani inapata kazi: chukua chumvi laini iliyokauka vizuri gramu 36.5, changanya na gramu 963.5 za maji safi, yapime kwa mzani usikisie kwa kikombe. Mchanganyiko huo unapindisha mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35, kwa hiyo dondoshea tone, na kama kifaa hakisomi 35 zungusha skrubu mpaka kisome. Mizani midogo ya kidijitali kama ile wanayopimia dhahabu kule Chunya inafaa sana kwa kazi hii na kwa nyingine nitakazozitaja, usiupitishe tu uzito wake wa juu, ukikuta wa gramu 200 pima kwa mafungu. Mchanganyiko uuhifadhi kwenye chupa iliyofungwa vizuri, ukivukiza unakuwa mkali na utakupoteza.

Kuanzia Juni mpaka Agosti huku kwetu usiku ni baridi na hewa kavu, hita inafanya kazi muda mrefu, maji yanavukiza haraka kuliko unavyodhani. Yanayovukiza ni maji, chumvi inabaki. Tangi la lita 150 likipoteza lita mbili kila siku na wewe ukaliacha wiki nzima, 35 inapanda mpaka zaidi ya 38. Kwa hiyo bandika kipande cha selotepu kwenye kioo usawa wa maji, na kila siku rudisha mpaka hapo kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi ni kwa siku ya kubadilisha maji peke yake.

Hayo maji yasiyo na chumvi yatoke wapi? Mashine ya kuchuja ya osmosisi ndo bora kuliko zote. Ya bomba yana klorini na huwezi kujua mabomba yamepita wapi, shaba hata kidogo inaua kamba na konokono. Mvua tunayo ya kutosha, ukanda wa Tukuyu ndo usiseme, lakini usikinge ya kwenye bati, bati lina zinki na zinki ni sumu kwa viumbe hao hao. Tandaza plastiki safi uwanjani mbali na moshi, acha mvua inyeshe kwanza ioshe hewa na plastiki, halafu kinga kwenye ndoo ya plastiki. Kama una kale kakifaa ka kupima TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji) maji mazuri yatasoma karibu na sifuri.

Amonia. Samaki wanatoa amonia, chakula kilichooza kinatoa amonia, na bakteria wa kwenye mawe na mchanga wanaigeuza kuwa naitraiti na kisha naitreti. Tangi jipya halina hao bakteria, wanachukua kama wiki nne hadi sita kujaa, na maji yakiwa baridi wanachelewa zaidi kwa hiyo hita iwake hata kama hakuna samaki. Weka kipande cha kamba mbichi kioze humo, pima kila baada ya siku mbili, utaona amonia inapanda halafu inashuka, naitraiti inapanda inashuka, naitreti inabaki. Zote mbili za mwanzo zikisoma sifuri kwa wiki nzima hata ukiongeza chakula kidogo, ndo agiza samaki, tena mmoja au wawili. Naomba sana usiharakishe hapa, yule samaki ametolewa kwenye mwamba wake akasafirishwa kwenye mfuko usiku kucha, anastahili kukuta maji yako tayari. Amonia ikionekana wakati samaki wapo, acha kulisha siku hiyo, badilisha asilimia 25 hadi 30 ya maji kwa maji mapya yenye chumvi na joto lilelile, ongeza hewa, pima tena kesho. Na ujue pH (kipimo cha maji kuwa na asidi au la) ina sehemu yake hapa, kwa kipimo kilekile cha amonia ile sehemu yenye sumu kwenye pH 8.2 ni karibu mara kumi ya kwenye 7.2, ndo maana mtu aliyezoea samaki wa maji yasiyo na chumvi anaona kiasi kidogo anasema haina shida, kumbe kwenye chumvi ina shida.

Kuhusu kusoma rangi za vipimo: soma karibu na dirisha mchana, nyuma weka karatasi nyeupe, usisome chini ya taa ya bluu ya tangi. Suuza kichupa kwa maji ya tangi kabla ya kupima. Maji yapime kwa bomba la sindano la duka la dawa, toa mapovu. Kile kichupa cha pili cha naitreti kwenye seti nyingi kina unga unaotuama chini, kitikise kwa nguvu muda ulioandikwa kwenye maelekezo, usipotikisa utasoma sifuri ya uongo ukafurahi bure. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na ukiagiza Dar omba visikae juu ya injini ya basi.

Alkaliniti ndo kipimo ambacho ningemwambia kila mtu mwenye matumbawe akipende. Ni uwezo wa maji kuzuia pH isianguke, na matumbawe yanaitumia pamoja na kalsiamu kujenga mifupa yake. Maji ya bahari yana kama 7 dKH (kizio cha kupimia alkaliniti), kwenye tangi shikilia kati ya 8 na 9. Ukisoma 8 leo na 7.4 keshokutwa, matumbawe yanakula 0.3 kwa siku, na hiyo ndo dozi yako ya kila siku. Bekingi soda ya dukani inatosha: gramu 3 kwenye lita 100 zinapandisha 1 dKH, kwa hiyo tangi letu la lita 150 likitaka 0.3 kwa siku ni gramu 1.35, yeyusha kwenye kikombe cha maji safi, mwaga taratibu mbele ya pampu. Usipandishe zaidi ya 1 dKH kwa siku hata kama imeshuka sana. Soma pakiti vizuri maana bekingi pauda ni kitu kingine ina asidi na wanga, na magadi ya kuchemshia maharage yasiguse tangi, yametoka ardhini na uchafu wake wote.

Kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1280 hadi 1350. Kwa kila 2.8 dKH zinazoliwa kalsiamu inashuka kama 20 tu, kwa hiyo alkaliniti inakuonyesha mabadiliko mapema zaidi, kalsiamu pima mara moja kwa wiki au mbili. Mwenye samaki peke yao bila matumbawe hana haja na hivi viwili.

pH ya 7.8 hadi 8.4 ni nzuri, asubuhi inakuwa chini jioni juu, hivyo pima saa ileile. Huku kwetu tatizo ni baridi, watu wanafunga madirisha wanaingiza jiko la mkaa ndani, kabonidioksaidi inajaa chumbani inaingia kwenye maji pH inashuka. Ili kujua kama ndo hiyo, chukua glasi ya maji ya tangi toka nayo nje, ipulizie hewa kwa pampu saa nzima, pima. Ikipanda, tatizo ni hewa ya chumba, fungua dirisha, usinunue dawa ya pH. Na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua watu kabla ya samaki, litoe.

Naitreti iwe chini ya miligramu 20 kwa lita kwa samaki, chini ya 10 ukiwa na matumbawe. Kubadilisha asilimia 10 ya maji kunatoa asilimia 10 tu ya naitreti, 40 inakuwa 36, kwa hiyo usishangae. Punguza chakula, suuza chakula cha kugandishwa kabla ya kulisha. Angalia pia seti yako inasoma naitreti yenyewe au naitrojeni yake, ya pili unazidisha kwa 4.4.

La mwisho ni oksijeni. Mbeya tuko kama mita 1700 juu ya bahari, shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya la pwani na oksijeni inayoweza kuyeyuka kwenye maji inapungua vilevile. Samaki waliotosha kwenye tangi la Dar wanaweza kuwa wengi mno kwenye tangi lilelile hapa. Elekeza pampu juu maji yatikisike usoni, na umeme ukikatika pampu ya hewa ya betri iwashwe ndani ya dakika chache, blanketi lizungushwe kwenye vioo ila juu paachwe wazi. Ndoo moja ya maji ya chumvi yaliyokwisha kupimwa ikae tayari pembeni muda wote, imefunikwa, na namba zako zote za wiki ziandikwe kwenye daftari lililo juu yake pamoja na tarehe na saa.