Mtoto mwenye usonji: jibu la "anaendelea vizuri" halitoshi

Ukiulizwa kliniki "mtoto anaendeleaje?" ukajibu "vizuri tu", umepoteza nafasi. Nunua daftari dogo la kuandika maendeleo yake, uliweke pale unapokaa naye zaidi. Langu liko jikoni, lina madoa ya mafuta.

Mwombe mtaalamu malengo 2 au 3 tu, ayataje kwa kitendo kinachoonekana. "Mawasiliano yaboreke" hayapimiki. "Aombe maji kwa neno, ishara au picha badala ya kulia", hilo utaliona kwa macho. Kila jioni andika mstari mmoja: aliomba mara ngapi, na alisaidiwaje. Mimi naweka herufi: P (peke yake), K (nimemkumbusha kwa neno au kidole), M (nimemshika mkono). Siri iko kwenye herufi hizo. Mtoto anaweza kuomba mara 5 zilezile kwa siku mwezi mzima, ukadhani amekwama, kumbe M zinageuka K na K zinageuka P. Hayo ni maendeleo makubwa.

Andika pia usingizi, homa, dawa mpya, wageni, shule kufungwa. Wiki mbaya mara nyingi ina sababu yake pembeni. Na usimlinganishe na mtoto wa dada yako. Mashangazi watakufanyia kazi hiyo bila kuombwa.

Ila akipoteza maneno aliyokuwa nayo, usingoje miadi ijayo. Piga simu kliniki siku hiyohiyo.