Somo: Kutafuta Ubovu na Kuongeza Nguvu kwenye Injini ya MGB

Magari ya MGB yaliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na kwa kuwa zaidi ya nusu milioni yalitoka kiwandani, vipuri vyake bado vinapatikana na mengi bado yanatembea. Injini yake ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1798, na katika hali yake ya kiwandani ilitajwa kutoa nguvu ya farasi 95 kwenye mizunguko 5400 kwa dakika. Ninataja kiasi hicho mapema kwa sababu wenye magari haya wengi wanaoniuliza namna ya kuongeza nguvu wana injini ambazo hazitoi hata hizo 95. Kifaa kipya kikifungwa juu ya injini iliyochoka huficha ubovu kwa wiki chache tu, kisha ubovu unarudi ukiwa mgumu zaidi kuutambua. Kwa hiyo tutaanza na kutafuta ubovu, na hatutagusa maboresho mpaka injini iwe imerudi katika hali yake ya asili.

Hatua ya kwanza: tapeti

Anza na nafasi za valvu, yaani upenyo mdogo kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na shina la valvu, kwa sababu valvu iliyobana haifungi vizuri, na itakudanganya katika vipimo vyote vinavyofuata. Injini ikiwa baridi, nafasi inayotakiwa ni inchi 0.015, yaani milimita 0.38. Valvu ziko nane. Ukihesabu kutoka mbele, namba 1, 4, 5 na 8 ni za ekzosti na zilizobaki ni za kuingiza hewa. Ziko njia nyingi za kufuata mpangilio, lakini iliyo rahisi kukumbuka ni ya tisa: ukitaka kupima valvu ya 1, zungusha krenki mpaka ya 8 iwe imefunguka kabisa, ukitaka ya 3, hakikisha ya 6 ndiyo imefunguka, yaani jumla ya namba hizo mbili iwe 9 daima.

Hapa kuna jambo linalowaponyoka hata mafundi wazoefu. Vua roka moja na uitazame ncha yake kwenye mwanga. Mara nyingi utaona kishimo kidogo, chenye upana wa shina la valvu, kilichochimbwa na miaka ya kugongana. Fila, yaani bamba jembamba la kupimia nafasi, ni bapa, kwa hiyo hulala juu ya kingo za kishimo hicho kama ubao juu ya mtaro, na wewe unaamini umeweka inchi 0.015 kumbe nafasi halisi ni kubwa kuliko hiyo. Injini itaendelea kugonga hata ukirudia kazi mara tatu. Dawa yake ni kusawazisha ncha za roka au kuzibadilisha, na usisahau kukagua shafti ya roka upande wa chini, kwa kuwa huko ndiko inakolika.

Hatua ya pili: mgandamizo wa silinda

Washa injini ipate joto lake la kawaida, izime, toa plagi zote nne, ondoa waya wa koili, kisha mtu akanyage pedali ya mafuta mpaka chini wakati starta inazungusha. Usipofungua mdomo wa kabureta kabisa, usomaji utakuwa wa chini bila sababu. Injini isiyo na ubovu yenye uwiano wa mgandamizo wa 8.8 kwa 1 husoma takriban pauni 160 kwa inchi ya mraba, lakini kilicho muhimu zaidi ni silinda zote nne kukaribiana. Tofauti ikizidi asilimia 10, kuna jambo la kufuatilia.

Silinda ikisoma chini, mimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Usomaji ukipanda, ringi za pistoni zimechoka. Usipopanda, valvu haikai sawasawa kwenye siti yake au gasketi ya hedi (kifuniko cha juu ya silinda chenye valvu) imepasuka. Silinda mbili zilizo jirani zikisoma chini kwa pamoja, ishuku gasketi kwanza, kwa kuwa ukuta wake kati ya silinda ni mwembamba na moto hupenya hapo.

Hatua ya tatu: moto (mfumo wa kuwasha)

Katika hatua hii nitakaa zaidi, kwa sababu ubovu mwingi unaosingiziwa kabureta hutoka kwenye moto. Nafasi ya platini, swichi ndogo inayokata umeme ndani ya distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), ni inchi 0.015, nafasi ya plagi ni inchi 0.025, na mpangilio wa kuwaka ni 1, 3, 4, 2, ambapo rota ya distributa huzunguka kinyume cha mwendo wa saa.

Niliwahi kupoteza siku nyingi kwenye gari langu mwenyewe, lililokuwa linamisi kila nilipopunguza mafuta kidogo nikiwa mwendo wa wastani. Nilisafisha kabureta mara mbili, nikabadilisha sindano na jeti zinazopima petroli, na hali ikabaki ileile. Hatimaye nilifungua kifuniko cha distributa na kuvuta taratibu, kwa ncha za vidole, waya mfupi unaopeleka umeme kwenye platini. Ganda lake lilikuwa zima kabisa, lakini lilinyooka kama mpira: nyuzi za shaba ndani zilikuwa zimekatika zote. Kila mara chombo cha vakyumu, kinachoendeshwa na mvuto wa hewa wa injini, kilipousogeza ubao wa platini, ncha za nyuzi ziliachana, uliporudi, ziligusana. Tangu hapo sifungui kabureta kabla ya kuuvuta waya huo, pamoja na ule mwingine mfupi unaounganisha ubao na mwili wa distributa.

Baada ya hapo, vuta hewa kwa mdomo kupitia mpira wa vakyumu huku ukitazama ubao wa platini. Ubao unatakiwa usogee na ubaki palepale unapouziba mpira kwa ulimi. Ukirudi wenyewe, ngozi ya ndani imetoboka. Kagua pia uzito na springi zilizo chini ya ubao, kwani springi iliyolegea hutanguliza moto mapema mno.

Kuhusu taimingi, yaani wakati cheche inapotokea, usitegemee alama ya mwendo wa chini pekee, kwa sababu springi za distributa zimezeeka na distributa nyingi zimechanganywa vipuri kutoka magari tofauti. Chomoa mpira wa vakyumu, uzibe, pandisha mizunguko mpaka taimingi iache kusonga mbele, kisha pima kwa taa. Injini nyingi za aina hii hukubali jumla ya nyuzi 32 hadi 34 kabla ya pistoni kufika juu.

Hatua ya nne: kabureta mbili za SU

Magari mengi yana kabureta mbili aina ya HS4 na baadaye HIF4, isipokuwa yale ya soko la Marekani kuanzia modeli ya 1975, ambayo yalipewa kabureta moja ya Zenith-Stromberg. Mimina kwanza oili ya injini kwenye kikombe cha juu cha kila SU, kwa kuwa bila oili hiyo pistoni ya kabureta hupaa haraka mno na injini hukohoa unapokanyaga mafuta. Inua pistoni kwa kidole na uiachie: inatakiwa ishuke bila kukwama na igonge chini kwa mlio mkavu unaosikika. Ikishuka kimyakimya kwenye HS4 ya zamani yenye sindano isiyochezacheza, jeti haiko katikati.

Kwa HS4, kaza nati ya jeti mpaka jeti iwe sawa na sakafu ya kabureta, kisha ilegeze mizunguko miwili kamili. Hapo ni mahali pa kuanzia. Washa injini ipate joto, sawazisha hewa ya kabureta zote mbili kwa kusikiliza mvumo wa kila moja kupitia kipande cha mpira, halafu inua pistoni moja kwa takriban milimita moja tu. Injini ikipandisha mizunguko na kuendelea hivyo, mchanganyiko una petroli nyingi. Ikidhoofika papo hapo, petroli ni kidogo. Ikipanda kwa sekunde moja na kurudi, umefika. Mipangilio ikikataa kutulia, tikisa shafti ya mdomo wa kabureta: ikicheza, hewa inaingia pembeni yake, na hakuna kurekebisha kutakakosaidia mpaka shafti na bushi zibadilishwe.

Hatua ya tano: kuongeza nguvu

Sasa injini ni nzima, na kila utakachoongeza utakisikia. Ninashauri kuanza na hedi, kwa sababu ndipo injini hii inaposongwa. Silinda ya 1 na ya 2 hugawana tundu moja la kuingiza hewa, vivyo hivyo ya 3 na ya 4, na chemba ya mwako iliyobuniwa na Harry Weslake ina umbo la moyo, ikiwa na ncha ya chuma inayochomoza kati ya valvu mbili. Ncha hiyo ikiwa na kingo kali hupata joto jekundu na kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati. Kuilainisha, kusafisha njia za hewa nyuma ya valvu na kukata siti kwa pembe tatu ni kazi ya siku chache kwa fundi mwenye subira, na ni kazi yenye faida kuliko kabureta yoyote mpya. Hedi ikiwa imefumuliwa, fungia pia siti za ekzosti za chuma kigumu, kwa kuwa petroli isiyo na risasi hula siti za asili, hasa kwa anayeendesha kasi kwa muda mrefu.

Uwiano wa mgandamizo usiukisie. Silinda moja ina sentimita za ujazo 449.5, kwa uwiano wa 8.8, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni takriban 57.6, na kwa uwiano wa 9.5 inatakiwa iwe takriban 52.9. Tofauti ni chini ya sentimita za ujazo 5, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na ndiyo maana lazima upime kwa bureti (mrija wenye alama za vipimo) na kipande cha kioo kabla ya kupeleka hedi kuchongwa. Kwa petroli ya kawaida ya pampu sipendekezi kuvuka 9.5.

Kamshafti, shafti inayofungua valvu, hufuata. Kamshafti mpya hufungwa na tapeti mpya bila ubaguzi, ikapakwa grisi yake maalumu, na injini inapowashwa mara ya kwanza ishikiliwe kwenye mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika 20, bila kuachwa ingurume polepole. Tumia oili ya 20W-50 yenye zinki ya kutosha. Chagua kamshafti ya kiasi; ile ya mashindano huhamishia nguvu yote juu ya mizunguko ambayo barabarani huifikii mara nyingi.

Bloki ikihitaji kuchongwa, kuongeza inchi 0.060 kwenye kipenyo hukupa sentimita za ujazo 1868 bila hatari kubwa, na wapo wanaofika 1950, ingawa hapo kuta lazima zipimwe unene kwanza. Injini za kabla ya mwisho wa 1964 zina beringi kuu tatu badala ya tano, kwa hiyo usizipeleke kwenye mizunguko ya juu kama zile za baadaye. Ekzosti ya asili ya chuma cha kusubu ni nzuri kuliko inavyosemwa, na sioni sababu ya kuitupa mapema.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, shikamoo. Gari langu linakwenda vizuri kwa dakika ishirini, kisha linazima, na likipoa linawaka tena. Nimeshabadilisha pampu ya petroli.

Jibu: Marahaba. Likizima tena, fungua kifuniko cha tangi mara moja. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kupumulia limeziba. Usiposikia kitu, toa kifuniko cha distributa na utazame platini zikifunguka huku starta ikizunguka: cheche kubwa za njano hapo zinaashiria kondensa imekufa kwa joto. Kondensa ikiwa nzima, jaribu koili nyingine.

Swali: Ninataka kuondoa platini na kufunga mfumo wa kielektroniki. Kuna la kuangalia, ndugu mwalimu?

Jibu: Yako mawili. Hadi 1967 MGB zilikuwa na ncha chanya ya betri kwenye bodi, na kifaa cha ncha hasi kikifungwa hapo kitaungua mara moja. La pili ni koili: ipime kwa mita. Ikisoma takriban omu 3 ni ya volti 12. Ikisoma takriban 1.5 ni ya kutumia waya wa ukinzani, na lazima ilingane na maelekezo ya kifaa chako.

Swali: Nikizima swichi, injini inaendelea kujikokota kwa sekunde kadhaa. Ni hatari?

Jibu: Haivunji kitu siku hiyo hiyo, lakini haifai kuachwa. Punguza mwendo wa chini hadi mizunguko 800 hivi, hakikisha taimingi haijachelewa na mchanganyiko hauna petroli kidogo mno. Ikiendelea, kuna kaboni iliyoganda kwenye chemba ambayo inabaki nyekundu kama kaa la moto, na hedi itabidi ifunguliwe na kusafishwa. Unapoirudisha, kaza nati kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu, hadi pauni-futi 50.

Swali: Nimepata kabureta ya Weber DCOE 45 kwa rafiki. Niifunge sasa au nisubiri hedi?

Jibu: Subiri. Kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2, silinda zinazogawana tundu huvuta hewa mfululizo, na ya pili hukuta hewa iliyokwisha kushika kasi, kwa hiyo mgawo wao hautoshani. Jeti za Weber zilizopangwa kwa injini nyingine hazitakufaa hata kidogo. Maliza hedi na kamshafti, kisha lipeleke gari kwenye mashine ya rola ya kupimia nguvu ukiwa na jeti za ziada za saizi mbili juu na mbili chini.