Sahani za santuri: shelaki au plastiki? Angalia kabla hujalipa

Swali hili naulizwa kila mara, basi naliandika hapa liishe. Shelaki ni utomvu mgumu uliotengenezewa sahani za zamani.

1. Soma lebo. Namba ni mizunguko kwa dakika: 33 na 45 kwa kawaida ni plastiki. 78 mara nyingi ni shelaki. Mara nyingi, si zote: miaka ya 1950 zilitoka 78 za plastiki pia.

2. Ipime mkononi. Shelaki ni nzito na ngumu. Usijaribu kuipinda, itavunjika.

3. Igonge ukingo kwa ukucha. Shelaki hulia kikavu, plastiki sauti yake butu.

4. Chungulia tundu la kati. Ukiona chuma kinang'aa, hiyo ni sahani iliyochongwa sauti mojamoja, si ya kuchapwa kiwandani: alumini iliyopakwa utando mwembamba. Usiitie maji.

5. Usikubali ipanguswe kwa spiriti. Hapa ndipo watu wanapoharibu mali. Spiriti inayeyusha shelaki; mafundi seremala huiyeyusha hivyo hivyo kutengeneza polishi. Sahani ikipanguswa, mng'aro unakufa na mifereji ya sauti inalika, na hairudi tena. Pafuma nayo ina spiriti, msijidanganye. Tumia kitambaa laini, maji ya vuguvugu na tone la sabuni. Lebo isilowe. Ikaushe papo hapo, kivulini.

MASUALI

— Nina ya Siti binti Saad, bei gani?
Huna picha, hukusema hali yake. Anza hatua ya 1.

— Nikiichoma kwa sindano ya moto si nitajua haraka?
Utaitoboa sahani ya mtu. Hatua ya 3 umeiruka.

— Samahani maalim, kwa nini hizi za zamani zinakwaruza hata zikiwa safi?
Suali zuri, mwanangu. Shelaki ni utomvu wa vidudu vya India, na kwenye sahani huchanganywa na unga wa mawe. Unga ule unaisaga ncha ya sindano ya chuma mpaka ikae sawasawa mferejini, na ndio huo unaokwaruza. Kwa hiyo kwenye gramafoni sindano hubadilishwa kila upande. Siti na wenzake waliporekodi Bombay mwaka 1928, sauti zao zilitoka kwenye sahani za namna hii. Na sahani ya plastiki usiiweke kwenye gramafoni ya sindano ya chuma, itachimbwa.

— Yakhe, mimi niko Wete, zangu nimezipanga kwa kulaza.
Zisimamishe wima, zibanane kidogo. Na ukinunua nyengine, igonge pande zote: ikilia kwa kutetema, ina ufa usioonekana.